Kamba Mbili za Mwalimu Olipa

Olipa Mwewa alikuwa mrefu, mwenye mabega mapana, na alitembea kama mtu anayesubiriwa mahali. Alizaliwa Kafutuma, kijiji cha ukingoni mwa ziwa, kwenye familia ya wavuvi. Baba yake alivuta nyavu za watu wengine, na Olipa alipokuwa mdogo alijipenyeza kwenye kamba pamoja na wanawake waliokuja ufukweni kusaidia ili wapewe samaki wa kitoweo. Alipenda kuvuta. Alipenda jinsi mwili wake mdogo ulivyopotea katikati ya miili mingine, na bado akahisi ndani ya viganja kwamba wavu unasogea kwa sababu yake pia.

Misheni ikampeleka shule, kisha chuo cha walimu wa kike. Huko walimfundisha kufundisha, wakamfundisha na kushona, kuoka mikate kwenye debe na kukunja mashuka. Mazoezi ya viungo waliyafanya asubuhi, kila msichana amesimama juu ya jiwe lake lililopakwa chokaa, akiinua mikono na kuishusha. Siku ya kuagana, mkufunzi aliwaambia kuwa mwalimu wa kike atawasomesha watoto wadogo na kuwashonesha wasichana wakubwa. Uwanja ni wa wanaume. Olipa alisikia vizuri. Hakubishana, lakini hakukubali.

Mwaka 1954 akapangiwa shule moja ya misheni nje kidogo ya Nchelenge, kando ya ziwa lilelile. Ilikuwa na madarasa matatu ya matofali mabichi, paa za nyasi, na uwanja ulioteremka taratibu mpaka kwenye mchanga, na mchanga mpaka majini. Hapakuwa na ua. Mtoto aliyechoka na somo hakuwa na haja ya kutoroka, aliteremka tu.

Somo la mazoezi, ambalo watoto waliliita drili, lilikuwa la mwalimu mmoja aliyepigana vita kule Burma. Yeye aliwakimbiza kwa fimbo, naye alikimbia kuliko wote. Muhula mmoja akaaga, akaenda kutafuta kazi kwenye migodi ya shaba, na drili ikabaki bila mwenyewe.

"Nipe mimi," Olipa alimwambia mwalimu mkuu, Misheck Kasonde.

Misheck alikuwa mtu mpole, mwenye wasiwasi mwingi, ambaye aliendesha shule ile kama anayebeba mtungi uliojaa hadi mdomoni. Alivua miwani, akamwita kwa "Ba" ya heshima.

"Ba Olipa, ni shule nzima kwa pamoja. Watoto zaidi ya themanini na mpira mmoja. Na ziwa liko pale, na mamba wamo humo. Mwanamume mwenye fimbo alishindwa."

"Alishindwa kwa sababu alikuwa na fimbo moja na watoto wana miguu mingi."

"Nawe utakuwa na nini?"

"Sijui bado."

Jibu hilo halikumtuliza Misheck, ila hakuwa na mtu mwingine. Akaweka sharti. Mwisho wa muhula angekuja msimamizi wa shule, Bwana Fanwell Chanda, naye angemleta kijana mmoja aliyemaliza chuo, Goodson, atazame kituo chake kipya. Msimamizi akiona watoto wametulia uwanjani, drili ingebaki kwa Olipa. Akiona vurugu, uwanja ungekuwa wa Goodson, na Olipa angekaa ndani na sindano mpaka astaafu.

"Sawa," alisema Olipa.

Siku ya kwanza alifanya kama alivyofundishwa. Alipaka mawe chokaa, akayapanga safu kwa safu. Watoto wakagombania mawe. Mkubwa mmoja akakalia mawili. Mchanga ukameza mengine. Akayaacha mawe akachukua mpira: mmoja arushe, mwingine adake, wengine wangoje zamu. Wawili walirusha na kudaka vizuri sana. Wale wengine wote walikuwa wakifinyana, wakimwagiana mchanga vichwani, na kundi zima upande wa chini lilikuwa limeshafika majini hadi magotini.

Kesho yake Rosaria, mama mmoja muuza samaki, alimngoja njiani na beseni kichwani.

"Ba ticha, samahani. Mimi mtoto wangu nilimleta shule akiwa mkavu. Mbona ananirudia ameloa? Siku hizi mnafundisha kuogelea, au mnawalisha mamba?"

Wanawake waliokuwa naye wakacheka. Olipa naye akacheka, maana lilikuwa swali zuri, na akakiri kuwa jibu hana.

"Nipe siku chache, mayo, mama yangu. Atarudi mkavu."

Jioni hiyo alikaa kwenye mchanga, mbali kidogo na shule, akitazama watu wa Mukuka wakivuta. Mukuka alimiliki wavu mrefu wa kukokota, ule ambao pale waliuita mukwao. Mtumbwi uliuzungusha wavu majini kama mkono unaokumbatia, na kutoka kila ncha ilikuja kamba ndefu hadi ufukweni, watu wameshika safu mbili, wakirudi kinyumenyume. Wengine walikuwa wa upande huu wa ziwa, wengine wa upande wa Kongo, na hawakuwa na lugha moja ya kugombana vizuri, kwa hiyo Mukuka hakuamrisha kwa mdomo. Aligonga mtumbwi mkavu kwa kasia. Akigonga mara moja, watu walishika. Akigonga mara mbili, waliachia wakakaa chini.

Olipa alikuwa ameona jambo hilo tangu utotoni, na hakuwahi kulitazama. Sasa alilitazama. Aliyekuwa mkiani mwa kamba, akiwa amerudi nyuma vya kutosha, aliiachia, akatembea hadi mbele karibu na maji, akashika tena. Kisha aliyemfuata. Kisha mwingine. Kamba nzima ilikuwa ikizunguka polepole, na hakuna hata mmoja aliyesimama bure. Hakuna aliyengoja zamu, kwa sababu kungoja kwenyewe kulikuwa kazi.

Aliinuka, akakung'uta mchanga, akaenda moja kwa moja kwa Mukuka.

Mukuka alikuwa mnene, mwenye sauti ya kukwaruza, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha malori ya samaki yaliyotoka Kasenga na Elisabethville, kule Kongo. Binti yake wa mwisho, Chisenga, alikuwa darasa la chini kabisa la Olipa.

"Baba Chisenga, naomba kamba mbili za zamani."

"Kamba ya kazi gani, mwalimu? Unapenda kufunga batoto ya batu?"

"Nataka waishike wenyewe."

"Batashika, halafu?"

"Halafu hawatakuwa na mkono wa kumfinya mwenzao."

Mukuka alicheka mpaka akakohoa. Akaenda nyuma ya vichanja vya kukaushia samaki, akarudi akiburuta marundo mawili.

"Hii ilishazeeka. Iko na mafundo mingi sawa mugongo ya mamba. Kama inakatika, usikuye kunililia miye. Na ule Chisenga wangu, umuangalie. Mutoto ule hakai."

"Atakaa."

"Mama yake alishindwa. Miye nilishindwa. Weye utaweza?" Mukuka akamtazama mabega. "Ee. Pengine utaweza."

Kuanzia wiki hiyo drili ikabadilika. Olipa alilaza kamba mbili uwanjani, zikielekea ziwani, ncha ya mbele ya kila moja imefungwa kwenye kigingi sehemu ya juu, mbali na maji. Watoto walishika kwa mikono miwili, mdogo katikati ya wakubwa wawili. Mafundo yale ambayo Mukuka aliyaonea aibu yakawa ndiyo nafasi zao: kila fundo mtoto. Aliyekuwa mkiani aliachia, akakimbia kando ya kamba akiruka matenga ya samaki yaliyopinduliwa, akarushiana ule mpira na mkimbiaji wa kamba ya pili, akafika kigingini, akashika. Wengine wote wakarudi fundo moja nyuma. Na mara moja yule aliyefuata alikuwa mkiani, hana muda wa kuangalia ziwa.

Hakuwaambia washindane. Kamba zilikuwa mbili, walijua wenyewe.

Kwa kuwaanzisha na kuwasimamisha alitumia kilekile walichokijua. Palikuwa na mtumbwi uliopasuka ukingoni mwa uwanja, umelazwa kifudifudi. Akaugonga kwa kasia: mara moja, shikeni, mara mbili, achieni mkae. Hakuhitaji kuwafundisha. Walizaliwa na mlio huo masikioni. Siku ya kwanza tu aligonga mara mbili na shule nzima ikaketi kama nyasi zilizolaliwa na upepo, hata Chisenga, na Misheck aliyekuwa akichungulia dirishani akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Umewafanyaje?" aliuliza.

"Nimewapa kitu cha kushika."

Muhula ukaenda hivyo. Mtoto wa Rosaria alirudi nyumbani mkavu, na Rosaria akatuma samaki wawili waliokaushwa, bila neno lolote. Miguu ya watoto ikawa myepesi. Wale waoga wa kuruka tenga moja waliruka matatu. Olipa mwenyewe alikimbia nao, gauni amelikunja na kulifunga kiunoni, na jioni alilala kama aliyefanya kazi aliyoumbiwa.

Msimamizi alifika wakati wa baridi, siku ya upepo mkali. Fanwell Chanda alikuwa mtu nadhifu, suruali imebanwa kwa vibanio vya baiskeli, mwenye tabia ya kutazama jambo mpaka mwisho kabla ya kusema. Goodson alimfuata kwa baiskeli ya kuazima, kijana mwembamba mwenye fulana nyeupe na filimbi shingoni.

"Tuone," alisema Fanwell.

Olipa aligonga mtumbwi. Watoto wakashika. Kamba zikaanza kuzunguka, mkia hadi mbele, mkia hadi mbele, mpira ukipanda na kushuka, miguu ikiruka matenga. Fanwell alizunguka uwanja mzima mikono nyuma. Alisimama mahali ambapo watoto husumbua, yaani katikati ya safu, akangoja usumbufu. Haukuja. Goodson aliacha kuichezea filimbi yake.

"Huyu pale mdogo kabisa ni nani?" Fanwell aliuliza.

"Chisenga. Ndiye kipimo changu. Akitulia yeye, wote wametulia."

Siku nyingine zote Mukuka alivutia wavu wake ng'ambo ya rasi ndogo, ambako mlio wa kasia lake haukufika shuleni. Siku hiyo upepo ulimsukuma. Mtumbwi wake ulizungukia upande wa huku, wavu ukaja ufukweni chini kabisa ya uwanja wa shule, na wavu wenyewe ulikuwa umejaa kuliko walivyoutarajia. Watu wake walikuwa wachache. Walikuwa wakiteleza. Mukuka akafanya kile ambacho kila mwenye wavu hufanya mzigo unapowashinda watu wake: akainua kasia na kuugonga mtumbwi wake, uliokwisha kuvutwa mchangani, mara moja, kwa nguvu zote, ili yeyote mwenye mikono aje ashike.

Watoto wakaja.

Hawakupiga kelele, hawakusukumana. Waliachia kamba za shule na kuteremka uwanja kwa safu mbili, kama walivyofundishwa, mdogo katikati ya wakubwa wawili, wakaenda kushika kamba za Mukuka. Dakika moja uwanja ulikuwa na shule. Dakika iliyofuata ulikuwa na kamba mbili kuukuu, matenga na mpira unaoviringika wenyewe.

"Mungu wangu," alisema Misheck kwa sauti ndogo.

Goodson aliipuliza filimbi. Aliipuliza tena. Hakuna aliyegeuka, wao na filimbi hawakuwa wamejuana.

Fanwell aliacha kuutazama uwanja. Alimtazama Olipa.

Na Olipa alikuwa ameshaondoka, kasia mkononi. Alielewa kosa lake kabla hajafika mchangani. Alikuwa amewapa watoto mlio wa mtu mwingine, akidhani ni wake kwa sababu walimtii. Lakini hakukuwa na nafasi ya kulijutia sasa. Kamba ya mukwao uliojaa hukaza kama waya, ikiteleza huunguza viganja, na wale wa mbele tayari walikuwa na maji vifundoni. Angeita jina moja moja, wangeachia mmoja mmoja, na wale waliobaki wangeburutwa kuelekea majini. Ilibidi waachie wote kwa pamoja, na watu wazima wawe wamekaza.

"Baba Chisenga," alimwambia Mukuka, akisimama kando yake, "waambie watu wako washikilie. Mimi nawatoa wangu."

"Mwalimu, uniachiye batoto kidogo. Samaki iko mingi, inaenda."

"Wamo majini."

"Bavuta muzuri. Batoto banajua kazi kushinda hawa bakubwa wangu."

"Najua wanajua. Nimewafundisha mimi. Waambie watu wako."

Mukuka alitazama uso wake, kisha akatazama chini, kwenye miguu ya Chisenga wake iliyokuwa ndani ya maji. Akageuka akawapigia kelele watu wake kwa Kiswahili, kisha kwa Kibemba, washikilie, wasisikilize mtumbwi, washikilie tu.

Olipa aliugonga mtumbwi wa Mukuka mara mbili.

Watoto wakaachia. Wakarudi nyuma hatua chache, kama wavutaji wanavyorudi, wakaketi kwenye mchanga mkavu, wote, safu mbili. Watu wawili wa Mukuka nao walikaa, kwa mazoea, na wenzao wakawatukana mpaka wakaruka kushika tena. Kamba ikateleza kidogo, ikashikwa. Mbele ya watoto, umbali wa kurusha jiwe, maji yalikuwa yakichemka kwa samaki, wale waitwao pale, wakubwa kama kiganja cha mtu mzima, wakiruka na kumetameta, na hakuna mtoto hata mmoja aliyenyanyuka.

Fanwell na wengine walikuwa wamefika. Olipa alimgeukia kabla hajaulizwa.

"Kosa ni langu, bwana. Nilichukua ishara ya wavuvi kwa sababu ilikuwa rahisi. Sikufikiri kwamba siku moja mwenyewe ataitumia karibu."

"Na akiigonga tena kesho?"

"Kesho ishara yangu itakuwa nyingine."

"Kesho ni mbali," alisema Fanwell. "Mimi naondoka leo."

Haikuwa dhihaka. Olipa aliona kwamba mtu huyu alitaka kweli kujua, na kwamba drili yake yote ilikuwa imesimama hapo, kwenye jibu la swali hilo. Akakabidhi kasia kwa Misheck, aliyelipokea kama anayepokea nyoka. Akasimama mbele ya watoto.

"Sikilizeni. Kasia ni la Baba Chisenga. Kuanzia sasa hivi, likigonga, ni kazi yake, si yetu. Sisi ni hivi." Akapiga makofi, matatu ya haraka, kisha akanyamaza, kisha moja. "Hilo la mwisho ndilo la kushika. Na la kukaa ni hivi." Makofi mawili ya polepole juu ya paja. "Nijibuni."

Wakamjibu kwa makofi. Mara ya kwanza yalikuwa mvua. Mara ya pili yakaanza kukutana. Mara ya tatu yalikuwa makofi ya mtu mmoja mwenye mikono mingi.

"Baba Chisenga," alisema Olipa bila kugeuka, "gonga."

"Nigonge?"

"Gonga mara moja. Kama ulivyogonga."

Mukuka, ambaye wavu wake ulikuwa bado na kazi na ambaye alitamani watoto wale waje, aligonga kwa moyo wote. Mlio ukapita juu ya mchanga. Mabega ya watoto yalitikisika, yote, jinsi mwili unavyotikisika usingizini ukiitwa. Chisenga alinyanyuka. Alikuwa amesimama kabisa, mguu mmoja mbele, uso umeelekea kwenye kamba ya baba yake. Msichana wa nyuma yake akamvuta gauni. Chisenga akaketi kwa kishindo, akajifunika mdomo kwa mikono miwili.

"Si nilisema," Mukuka aliguna. "Mutoto ule hakai."

"Amekaa," alisema Fanwell.

Alizitazama safu zile mbili mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Misheck.

"Nimeona shule ambako watoto hawatoki uwanjani kwa sababu hakuna pa kwenda. Hapa pana pa kwenda, na samaki wanaruka. Drili ni yake. Nisingetaka kuifundisha mimi."

"Na mwalimu Goodson?" Misheck aliuliza, bado ameshika kasia mbali na mwili wake.

"Goodson, unajua kushona?"

Goodson aliangalia kama ni mzaha, akaona hakuna anayecheka isipokuwa Olipa. "Kifungo, bwana."

"Anza na vifungo. Na saa za drili uje hapa ujifunze."

Watu wa Mukuka walikuwa wameuingiza wavu mchangani kwa nguvu zao wenyewe, wakilalamika. Olipa alipiga makofi matatu ya haraka, akanyamaza. Watoto wakainuka, mikono tayari. Akapiga moja. Wakapanda uwanja kuelekea kwenye kamba zao, na hakuna aliyegeuka nyuma zaidi ya mara mbili.

Goodson aliwafuata. Alifika uwanjani, akavua filimbi shingoni, akaitia mfukoni, akasimama akikuna kichwa.

"Mama Mwalimu, mimi nisimame wapi?"

"Mkiani," alisema Olipa. "Wote tunaanzia mkiani."

Goodson akashika fundo la mwisho, mrefu kupita wote, nyuma ya msichana aliyemvuta Chisenga gauni. Olipa akapiga makofi, na safu zote mbili zikaanza kuzunguka.